Picha Niliyoichoma

Zuhura, binti ninayemwachia duka, amenikalisha kwenye kiti cha wateja na kunipa daftari jipya. "Mama, andika," ameniambia. "Ukishaondoka nani atatufundisha?" Nimemjibu kwamba siondoki kwenda popote, nahama tu kutoka dukani kwenda nyumbani Isevya, bodaboda haimalizi hata dakika kumi. Lakini nimeona ana haki. Kazi ya kupiga picha watoto wachanga nimeifanya tangu enzi za filamu, na mengi ninayoyajua hayamo kwenye hizo video mnazotazama kwenye simu. Basi naandika. Habari za vyeti na mshahara tuziache, hazitawasaidia kumshika mtoto wa siku tano.

Nilianza kazi kwa Mzee Sudi, aliyekuwa na studio ndogo nyuma ya soko. Aliniajiri nikae mezani niandike risiti, basi. Mzee alikuwa fundi haswa. Aliweza kupiga picha harusi, kipaimara, watahiniwa na hata ng'ombe wa mtu kutoka Igunga aliyetaka kuwaonyesha wakwe zake. Chumba kimoja tu kilimshinda, nacho ni chumba cha mzazi. Mwanamume asiye wa nyumba hiyo anaingiaje kwa mwanamke aliyejifungua juzi? Kwa hiyo watoto wote waliokuja studio walikuwa wameshatimiza arobaini, wamenenepa, wanarusha miguu. Sura ya siku za mwanzo, ile iliyokunjamana, hakuna aliyekuwa nayo.

Siku moja bibi mmoja wa mtaani alitaka mjukuu wake apigwe picha akiwa bado na siku sita. Mzee alinitazama mikono. "Kalunde, wewe mikono yako imetulia," akasema. "Chukua kamera uende."

Nilikwenda, na nikafukuzwa. Mtoto alikuwa amepakwa doa la wanja katikati ya paji la uso. Mimi kwa ushamba wangu nikadhani ni uchafu, nikalowesha kona ya leso nikalifuta. Yule bibi hakupaza sauti. Aliichukua kamera yangu, akaifunga kwenye mkoba wake wa ngozi, akanikabidhi mlangoni. "Mwanangu, lile doa nimelipaka mimi, ili macho ya watu yaishie pale yasimfikie mtoto," akasema. "Rudi ukiwa umefundishwa." Mzee Sudi alicheka mpaka akavua miwani. Mpaka leo wanja siugusi, awe mtoto wa Mwislamu, wa Mmoravian au wa daktari, na nyie kwenye hizo kompyuta zenu msiufute.

Baada ya hapo Mzee alinifundisha kwa utaratibu. Chumba kipashwe moto kwa jiko la mkaa, kisha jiko litolewe nje na hewa ibadilishwe kabla mtoto hajaingia. Mtoto anyonye kwanza, acheue, ndipo avuliwe. Mikono yako uisugue mpaka ipate joto. Tulikuwa tunamlaza kwenye ungo uliotandikwa khanga mbili, maana ungo unamshika mtoto pande zote naye anajiona bado yuko alikotoka. Dirishani tulitundika shuka jeupe, na upande wa pili mtu akashika sinia la bati la kurudisha mwanga. Mwanga wa kamera wa kuwaka ghafla tuliuacha studio, maana hakuna bibi aliyetaka mjukuu wake amulikwe vile machoni. Siku hizi mnaagiza vikapu vyenye mabawa ya malaika kutoka Dar. Sina neno, ila mtoto akikojolea ungo unauosha, na mabawa sijui mnayafanyaje.

Mapacha nao wana sheria yao. Ukimpiga mmoja picha nne, na mwenzake nne, papo hapo, hata kama mmoja amelala na mwingine analia kwa hasira. Niliwahi kukaa na mapacha huko Nzega tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa sababu kila Kulwa akitulia, Doto anaamka. Nilirudi nimechoka hoi, nikamwambia Mzee kwamba naomba nirudi kwenye risiti. Akanipa chai.

Mambo mawili ya Mzee Sudi lazima niyaeleze vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka kuwaambia hasa.

La kwanza ni arobaini. Watu wengi hawakutaka mtoto aonekane na macho mengi kabla ya siku arobaini, na picha waliihesabu kama kumtoa mtoto nje. Kwa hiyo Mzee aliweka sharti: picha ya kichanga haitoki dukani mpaka arobaini itimie. Tuliisafisha, tukaitia kwenye bahasha pamoja na negativu zake, tukaifungia kwenye droo. Nami kila mzazi nilimwambia maneno yale yale wakati naaga: "Njoo siku ya arobaini utamwona." Wakaja kweli. Kwa wengi ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza kutoka nje, wamevaa nguo nzuri, wamebeba mtoto mgongoni, wananukia udi. Nilizipenda mno siku zile.

La pili ni kichwa cha filamu. Mzee alinunua filamu ndefu akaikata vipande, kila mtoto na kipande chake. Sasa, unapopachika filamu kwenye kamera, ule mwanzo wake unapigwa na mwanga, unaharibika. Wengine wanaupitisha tu. Mzee hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliniambia pale mwanzoni niweke mkono wangu karibu na mtoto, mahali mwanga unapomwangukia, nipige. Nusu ya picha itakuwa imeungua, lakini nusu nyingine itanionyesha kama mwanga ule ulifaa. Tukishasafisha, alikikata kile kichwa, nami nikakibandikia karatasi ya mahali, dirisha na saa, nikakitupia kwenye kopo la biskuti. "Hiyo si picha," alikuwa akisema. "Hicho ni kipimo." Kopo lile ndilo lilikuwa shule yangu. Nilipoweza kuusoma mwanga kwa macho niliacha kulifungua.

Mwaka wangu wa tatu kazini, mkulima mmoja wa tumbaku alikuja kutoka Urambo. Mkewe amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, naye anataka picha. Nilipanda treni nikaenda. Nyumba yao ilikuwa pembeni ya mabani ya kukaushia tumbaku, na harufu ilikaa kwenye nguo zangu siku tatu. Mzazi aliitwa Nyamizi. Hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, na uzazi ulikuwa umemwangusha: alilala na homa, hawezi kukaa kitako. Mtoto, Maganga, alikuwa akilelewa na mama mkwe, Mama Kabula, ambaye ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, na kumpeleka kwa mama yake kunyonya akiwa amefungwa kama kifurushi.

Nilikaa na Maganga zaidi ya saa nzima pale dirishani. Alikuwa mtoto mtulivu. Nyamizi alikuwa akitutazama kutoka kitandani, upande wenye giza, na kila mara akiuliza: "Anafanya nini sasa?" Nami najibu, "Anapiga miayo," au "Anakunja ngumi." Mwishoni akauliza anaonekanaje kwenye kamera. Nilikuwa nafunga vifaa, nawahi treni. Nikamwambia, "Njoo siku ya arobaini utamwona."

Wiki mbili baadaye Mama Kabula aliingia dukani peke yake. Mzee Sudi alikuwa amekwenda msikitini.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Yule mtoto hatunaye. Tumemzika Jumanne."

Nilimpa pole, nikamvutia kiti. Hakukaa. Akaniambia amekuja kwa ajili ya picha, anaomba zichomwe, zote, na zile za kusafishia. "Mkwe wangu bado mdogo," akasema. "Akiwa nayo atakaa ndani anaitazama, hatakula, hatazaa. Mimi nilizika wawili wa namna hiyo, na sikuwa na picha, ndiyo maana nikasimama. Ichome nione kwa macho yangu."

Nikamuuliza: "Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

Nawaambieni wazi, sikumwamini. Alijibu upesi mno. Lakini alikuwa mtu mzima, amefiwa, amesafiri kutoka Urambo, na mimi nilikuwa msichana wa kuandika risiti aliyepewa kamera. Sikusubiri hata Mzee arudi. Nilitoa bahasha kwenye droo, nikaenda naye uani, nikaweka kila kitu kwenye jiko la mkaa. Negativu ziliwaka haraka. Mama Kabula alisimama mpaka mwisho, kisha akanishukuru, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Mzee aliporudi nikamweleza. Akaniuliza, "Zilikuwa za nani?"

Jibu lilikuja lenyewe siku ya arobaini. Nilikuwa mezani asubuhi, nikaona mwanamke amesimama mlangoni. Amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi, kitambaa kipya kichwani, kama wanavyovaa wote siku ile. Mgongoni hakuwa na mtoto.

"Dada, hujambo," akasema. "Leo ndiyo arobaini. Uliniambia nije."

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo. Ningesema filamu iliungua, mambo hayo hutokea, wala hakuna ambaye angejua. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilizichoma mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu mama mkwe wake alikuja akaniambia yeye anajua.

Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani. "Mimi sikujua," akasema. Halafu akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Nilikuwa mgonjwa. Siku zote kumi na tisa nilikuwa namwona uso kidogo, kwenye giza, amefunikwa. Sasa hata ule uso unaanza kunipotea. Nyumbani hatajwi. Nilikuwa nahesabu siku nije nimwone."

Mzee Sudi alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Alitoka, akamsalimia, akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha tumefunga, akaniambia: "Kalunde, wewe ulimtazama saa nzima. Mwambie."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nilianzia juu, kama ninavyompanga mtoto kwenye ungo. Nilimwambia nywele za Maganga zilishuka mpaka chini ya kisogo, laini. Nilimwambia sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu, ncha imeinama, na la kulia limenyooka. Kidevuni alikuwa na kibonyo. Akipiga miayo alikuwa anatoa kwanza mkono wa kushoto. Mguu wa kulia, kidole kidogo cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya jirani yake, nami nilijaribu kukilaza kwa ajili ya picha kikapanda tena, nikakiacha. Nyamizi alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nirudie habari ya sikio. Nikarudia. Akauliza, "La kushoto?" Nikasema la kushoto. Akasimama, akaniambia ahsante, akaenda kuwahi gari. Nililia mimi, uani, karibu na jiko lile lile.

Tangu siku ile nikawa na kanuni mbili, na ndizo ninazowaachia. Picha ni ya mama. Baba akija, bibi akija, mchungaji akija, nawasikiliza kwa heshima, lakini bila neno la mama mwenyewe sitoi, sifuti, sichomi. Na ya pili: kila mtoto niliyempiga picha nimeandika daftarini mambo matano niliyoyaona kwake. Zuhura alikuwa ananicheka, kwamba siku hizi picha zinahifadhiwa kwenye simu. Alicheka mpaka siku simu yake ilipotumbukia chooni pamoja na watoto wanane wa Urambo na Kaliua. Mimi daftari langu halijawahi kutumbukia popote.

Mzee Sudi alifariki, akaniachia studio. Filamu zikaisha, zikaja kamera za kadi, zikaja simu. Nyamizi sikumwona tena. Nilisikia tu kwa watu wa Urambo kwamba alizaa wengine wanne, na kwamba Mama Kabula naye ametangulia. Nilifikiri habari imeishia hapo, na kila nilipopita na treni karibu na mabani yale nilitazama upande mwingine.

Mwezi uliopita tulikuwa tunasafisha duka kwa ajili ya makabidhiano. Zuhura alikuta kopo la biskuti chini ya mguu wa meza ya zamani, ambalo nililiweka mwenyewe ili meza isiyumbe, miaka mingi hata nilisahau lina nini. Akalifungua, akaanza kusoma vikaratasi kwa sauti, ananidhihaki mwandiko wangu. "Isevya, mlango wa uani, saa nne. Cheyo, dirisha la kusini, saa tano. Urambo, kwa Mama Kabula, dirisha la mashariki, saa tatu."

Nikamwambia arudie.

Kumbe siku ile nilichoma bahasha tu. Kichwa cha filamu kilikuwa kimeshakatwa, kimeshatupiwa kwenye kopo, na mimi sikukikumbuka hata kidogo. Si wakati nachoma, wala si wakati Nyamizi amekaa mbele yangu anauliza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ile si picha, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Niliketi chini sakafuni. Nilijionea hasira ambayo sijawahi kumwonea mtu.

Zuhura hakuuliza maswali mengi. Aliwasha simu moja iwe nyeupe, akalaza kile kipande juu yake, akakipiga picha kwa simu ya pili, akageuza weusi ukawa weupe. Ikatokea. Nusu ya juu ilikuwa imeungua kabisa, nyeupe tupu, hakuna uso. Nusu ya chini kulikuwa na mkono wangu wa usichana, ukingo wa ungo, na miguu miwili ya mtoto. Zuhura akasema tumtumie mwenyewe kwa simu, namba haiwezi kukosekana. Nikamwambia ajaribu tu aone. Tulichapisha kwenye karatasi nzuri, nikaitia kwenye bahasha ya zamani, nikapanda basi la Urambo asubuhi.

Njiani nilikuwa na hofu. Mwanamke ameshatulia, ana watoto na wajukuu, na mimi nampelekea kipande cha picha isiyo na uso. Huenda nilikuwa naenda kujitua mzigo wangu kwa kumtwika yeye. Nilifikiria kushuka na kurudi. Sikushuka.

Nilimkuta anachambua maharage barazani na mjukuu wake. Amenenepa, miwani puani. Alinitazama kidogo tu.

"Wewe ni yule dada wa picha," akasema.

"Ndiye mimi."

Alinikaribisha, akamtuma mjukuu akaweke maji ya chai. Nilipokuwa bado natafuta namna ya kuanza, yeye akaanza. Alisema kwa miaka yote ameyashika yale niliyomwambia, nywele, sikio, kidevu. Usiku asipopata usingizi anayapanga kutoka juu mpaka chini. "Lakini nikwambie ukweli, dada," akasema. "Nilidhani ulinitungia. Ulikuwa umenichomea picha, umeona aibu, ukanipa maneno ya kunibembeleza. Mama Kabula nilimuuliza mara moja tu kuhusu sikio. Aliondoka pale, hakunijibu. Nikasema basi, ya kutunga au si ya kutunga, ndiyo niliyo nayo."

Nilimpa bahasha. Nilimweleza kuhusu kopo, na kwamba uso haupo, uliungua, na kwamba kosa ni langu lote. Sijui kama alisikia. Aliitoa picha, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Akaisogeza kwenye mwanga, akauweka ukucha wake juu ya mguu wa kulia, pale ambapo kidole cha mwisho kimepanda juu ya jirani yake.

Maji ya chai yalichemka, mjukuu akaita, hakuna aliyeitika.

"Kimepanda," akasema. Kisha akaupeleka ukucha taratibu juu, kwenye ile sehemu nyeupe isiyo na kitu, akausimamisha upande wa kushoto. "Basi na sikio nalo lilikuwa hivyo hivyo."